Nia Ni Moja, Njia Ni Nyingi

Ndugu Wanachama,

Nataka leo kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo halina mizani ya kulipimia wala gunia la kulitilia, lakini hasara yake yaonekana shambani, ghalani na nyumbani. Jambo hilo ni ugumu wa akili, na dawa yake ni kuizoeza akili kugeuka pale inapopasa kugeuka. Sitaanza na kosa la mtu mwengine. Nitaanza na langu, kwani mwenye kutaka kuwakosoa wenziwe yampasa kwanza ajikosoe nafsi yake.

Msimu uliopita, siku ya Alkhamisi, alikuja ghalani mwanachama mwenzetu mmoja, bibi mtu mzima, mjane, na magunia mawili ya karafuu juu ya gari la ng'ombe. Karafuu zake zilikuwa kavu na safi, zimechambuliwa vizuri, hazina makonyo wala majani. Akanieleza kwamba mjukuu wake kalazwa hospitali tangu juzi, na yeye anataka fedha za nauli na za dawa. Hivyo aliomba karafuu zake zipimwe, apate malipo yake ya awali kama ilivyo desturi ya chama chetu kabla ya mzigo kwenda kituo cha kununulia.

Mimi nilikuwa nimekaa na daftari mbele yangu. Nilimjibu kwa adabu, lakini jibu lenyewe lilikuwa hili: "Bibi, siku ya kupokea ni Jumaamosi. Kanuni ni kanuni. Nikikufungulia wewe leo, kesho watakuja wote." Hakushindana nami. Alimwambia kijana wa gari ageuze ng'ombe, wakaondoka.

Mvua iliwakuta njiani, nao hawakuwa na turubai. Jumaamosi aliporudi, karafuu zilikuwa zimeingia maji na nyengine zimeanza kushika ukungu. Zile ambazo Alkhamisi zingeingia daraja la kwanza zilishuka hata la tatu. Fedha za hospitali alikwisha kuzikopa kwa jirani.

Usiku ule nilijitetea sana moyoni. Nilisema, "Nimefuata kanuni." Lakini usingizi haukuja. Asubuhi nikafungua madaftari ya zamani ya mikutano, nikatafuta kanuni ya Jumaamosi imetoka wapi. Nikaiona. Iliwekwa kwa sababu mbili: lori tulilokuwa tukilikodi lilikuwa likija siku hiyo peke yake, na ghala letu lilikuwa likivuja, hivyo hatukutaka karafuu za watu zilale humo. Ndugu zangu, lori lile limeacha kuja zamani, na ghala limekwisha ezekwa mabati mapya. Sababu zimekufa, kanuni imebaki. Na mimi, katibu, nilikuwa nikiilinda kama mlinzi anayelinda nyumba iliyokwisha hamwa.

Basi tujiulize: ugumu wa akili ni nini? Mtu asidhani kuwa ni ujinga. Mjinga huweza kufundishwa akashika. Aghalabu mwenye akili ngumu ni mtu aliyesoma, au aliyefanya kazi yake miaka mingi akaijua. Ugumu wa akili, kwa ninavyouona mimi, ni kuchanganya nia na njia. Mtu huanza na nia njema, akaitafutia njia. Njia ile ikimfaa mara kumi, ya kumi na moja anaisahau nia, anaishika njia. Wazee wetu wamesema penye nia pana njia. Itazameni vizuri methali hii: haikutaja njia gani.

Sisi ni watu wa visiwani, na manahodha wetu wanalo neno moja lenye maana mbili. Neno hilo ni kubisha. Kwa mtu wa pwani aliyekaa barazani, kubisha ni kukataa maneno ya mwenzio ukang'ang'ania yako. Kwa nahodha, kubisha ni kwenda kinyume na upepo: anaelekeza chombo upande huu, kisha anapindua tanga na kwenda upande wa pili, na tena upande wa kwanza, mpaka anafika. Ukimtazama kutoka ufukweni utadhani amepotea, kwani kila saa anakwenda kwengine. Lakini bandari aliyoikusudia ni ile ile. Kubisha kwa barazani hakumfikishi mtu popote. Kubisha kwa baharini kunamfikisha bandarini. Hii ndiyo akili ninayoitaka tujifunze.

Hata chuoni tulifundishwa hivi tangu utotoni, ijapokuwa wengi wetu hatukuzingatia. Asiyepata maji hutayamamu kwa mchanga, na mgonjwa asiyeweza kusimama huswali amekaa. Sala haikuachwa. Iliyobadilika ni namna ya kuitimiza, kwa ajili ya hali ya mtu.

Sasa nataka nikupeni jaribio ambalo mnaweza kulifanya nyumbani na watoto baada ya chakula cha usiku. Lilitungwa na mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Abraham Luchins, ambaye aliandika habari zake mwaka 1942. Yeye alitumia vipimo vya maji vya kwao; mimi nitatumia vibaba.

Unavyo vyombo vitatu. Cha kwanza chachukua vibaba 21, cha pili vibaba 127, na cha tatu vibaba 3. Unatakiwa upate vibaba 100 kamili. Fikiri kwanza kabla hujasoma mbele. Jawabu ni hili: jaza chombo cha pili, 127, toa kwa chombo cha kwanza 21, zitabaki 106, kisha toa mara mbili kwa kile kidogo, 3 na 3, zitabaki 100. Luchins aliwapa watu maswali kadhaa ya namna hii, na yote yalitatuliwa kwa njia ile ile: jaza kikubwa, toa cha kwanza mara moja, toa kidogo mara mbili. Watu wakaizoea njia.

Halafu akawapa swali hili: chombo cha kwanza vibaba 23, cha pili 49, cha tatu 3, zinatakiwa vibaba 20. Wengi walijaza kikubwa, wakatoa 23, zikabaki 26, wakatoa 3 na 3, wakapata 20. Wamepata, hawakukosea. Lakini tazama tena: 23 ukitoa 3 ni 20. Kazi ya kumimina mara moja wameifanya kwa kumimina mara tatu, na njia fupi ilikuwa mbele ya macho yao. Na watu wengine walioletewa swali hilo bila ya kupitishwa katika yale ya kwanza waliiona njia fupi bila ya taabu.

Linalonipendeza zaidi ni hili. Baadhi ya watu Luchins aliwaambia, kabla ya maswali ya mwisho, waandike kwenye karatasi zao maneno haya: "Usiwe kipofu." Hakuwafundisha hesabu mpya. Aliwaamsha tu, na wengi zaidi wakaiona njia fupi.

Mtu atauliza: Je, mazoea ni mabaya? Hasha. Bila ya mazoea tusingeweza kuishi. Mama anayechambua karafuu usiku hutenga tumba na makonyo huku akizungumza na jirani, na vidole vyake havikosei. Lau angelazimika kufikiri kila tumba, asingemaliza pishi moja. Mazoea huiondolea akili mzigo ipate kufanya mengine. Ila mazoea ni mtumishi asiyekuwa na macho: hali ikibadilika, yeye haoni, ataendelea na kazi ya jana. Ni juu yetu tuwe macho yake.

Tuje kwenye zao letu wenyewe, kwani historia ya karafuu ni historia ya watu waliolazimishwa na mambo kugeuza fikira. Mkarafuu si mti wa asili ya huku. Asili yake ni visiwa vya Maluku, na huku uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mashamba makubwa yalikuwa Unguja. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 ikapiga dhoruba kubwa ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba haikuguswa sana. Karafuu zilipokuwa chache bei ikapanda, na watu wakapanda mikarafuu Pemba kwa wingi. Kabla ya hapo ungelimwambia mtu kwamba Pemba itaipita Unguja kwa karafuu, angelikucheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mpaka leo karafuu zetu nyingi zatoka Pemba.

Somo la pili lilitujia kwa upande wa soko. Katikati ya karne ya 20 mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku kufanya sigara ziitwazo kretek. Ilionekana kuwa jambo la milele: sisi tutalima, wao watavuta. Katika miaka ya 1970 Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, na kufika miaka ya 1980 ikawa yajitosheleza. Bei ya dunia ikaanguka. Wenye kusema "watarudi tu" walikaa wakingoja, na huku nyasi zikiota mashambani.

Somo la tatu tumefundishwa na mama zetu na dada zetu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja, pwani ya mashariki, mwaka 1989, na wengi waliokishika ni wanawake. Baadaye maji ya bahari yakaanza kupata joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri, waiitayo kotonii, ikawa inakufa mikononi mwao. Je, walikaa kulia? Wengine walirejea aina ya pili, spinosamu, inayostahimili joto, ingawa bei yake ni ndogo. Wengine walijaribu kwenda maji ya kina, ijapokuwa wengi wao walikuwa hawajui kuogelea, nao wakajifunza. Wengine wakaanza kuusaga mwani na kufanya sabuni wakauza wenyewe. Nia ilikuwa moja, kulisha watoto wao kutokana na bahari, na njia zikawa tatu. Sisi wanaume tulio juu ya mikarafuu yafaa tuteremke kidogo tukajifunze kwao.

Hapa najua wazee wangu watanijibu, na jawabu lao ni la haki. Nilipolizungumza jambo hili barazani, mzee mmoja aliniambia: "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nimewaona waliogeuka haraka." Akanikumbusha miaka ile bei ilipokuwa chini, watu wakaikata mikarafuu wakapika mkaa, wengine wakaiacha ikasongwa na magugu. Mwaka 2011 Serikali ilipopandisha sana bei ya kununulia karafuu, mwenye mti alichuma, na aliyeukata akaenda kutafuta miche. Na ninyi mnajua kwamba mkarafuu hauanzi kuzaa ila baada ya miaka sita hadi minane hivi.

Namshukuru mzee wangu kwa maneno yake, kwani yananisaidia kulifafanua jambo. Aliyeukata mti kwa bei ya mwaka mmoja hakuwa na akili ya kugeuka. Alikuwa na hofu. Ubendera fuata upepo ni ugonjwa mwengine, si dawa ya huu. Mwenye akili ya kugeuka miaka ile alifanya hivi: aliuacha mti usimame, akapanda muhogo na migomba palipokuwa na nafasi, akaingiza pilipili manga na mdalasini, akangoja huku anakula. Alibadilisha kile kilichowezekana kubadilishwa upya kesho, na kile kisichorudi, kama mti wa miaka arobaini, hakukigusa kwa haraka.

Pia iko methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Watu wazima huitumia kama cheti cha ruhusa: "Mimi nimekwisha kauka, niacheni." Ndugu zangu, methali ile yahusu malezi ya watoto. Mtu si samaki. Bibi zetu walijifunza kutumia simu za mkononi walipotaka kusikia sauti za wajukuu walio mbali. Walipokuwa na nia, hapana aliyewaambia wamekauka.

Sasa tufanyeje ili tuizoeze akili? Nina mambo matano, ambayo mimi mwenyewe najilazimisha nayo tangu mkasa wa Alkhamisi ile.

Kwanza, unapoona umekasirika kwa sababu jambo halikwenda kama ulivyozoea, jiulize kwa maneno machache: Nilikuwa nataka nini? Jawabu likiwa ni njia, uliza tena mpaka upate nia. "Nataka mtoto achume shamba hili leo" ni njia. "Nataka karafuu zisifunuke maua mtini" ni nia. Huenda kesho, na mchumaji mwengine, nia itatimia.

Pili, kabla hujakata shauri katika jambo zito, taja njia ya pili, hata kama huitaki. Mwenye njia moja hachagui, anasukumwa. Mwenye mbili ndiye anayechagua.

Tatu, ukibishana na mtu, yaseme maneno yake yeye mpaka akubali kuwa ndivyo alivyokusudia, halafu ndipo utoe yako. Nimelijaribu hili nyumbani kwangu, na magomvi mawili kati ya matatu yamekufa hapo hapo, kwa kuwa niliona nilikuwa nikiyajibu maneno ambayo mwenzangu hakuyasema.

Nne, badilisha vitu vidogo visivyo na hatari ili akili isigande. Pita njia nyengine kwenda shamba. Muombe kijana wako akuonyeshe namna yake ya kutandaza karafuu juu ya jamvi, usimkatize mpaka amalize. Huenda yake ni mbaya, utamrekebisha. Huenda ni nzuri, nawe umepata faida bila ya gharama.

Tano, kila msimu unapokwisha, chagua desturi moja ya kazi yako uulize: Iliwekwa kwa sababu gani, na sababu hiyo ipo hai? Ikiwa hai, ishike kwa mikono miwili. Ikiwa imekufa, izike kwa heshima.

Narudi kwa yule bibi, kwani sipendi kumwacha njiani na magunia yake. Wiki ya pili nilikwenda kwake kumwomba radhi. Nilipopiga hodi, aliyenifungulia mlango alikuwa yule mjukuu wake, amepona, alhamdulillahi. Bibi alinikaribisha chai na mkate wa mofa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi sikuja kuvunja kanuni yako. Nilikuja kuuza karafuu." Maneno hayo machache yalinifundisha zaidi ya haya yote niliyoyaandika. Sote wawili tulikuwa na nia moja: karafuu za mwanachama zifike ghalani zikiwa kavu. Yeye alizileta zikiwa kavu. Mimi ndiye niliyezirudisha mvuani. Tofauti ya bei kati ya madaraja mawili yale nimeilipa mimi, kwani kosa lilikuwa langu wala si la chama.

Kamati imekaa juu ya jambo hili, na shauri lake litaletwa mbele yenu katika Mkutano Mkuu ujao. Shauri ni kuwa Jumaamosi ibaki siku ya kawaida ya kupokea, ili kazi iende kwa utaratibu. Lakini mwanachama mwenye ugonjwa nyumbani, au ambaye hana pahala pa kuhifadhi karafuu wakati wa mvua, aweze kupokelewa siku yoyote, mbele ya mashahidi wawili wanachama, na sababu iandikwe katika daftari. Wako wanaoona kuwa mlango huu utatumiwa vibaya. Hofu yao ina maana, nami nawaomba waje waiseme. Huenda wanayo njia ya tatu iliyo bora kuliko zetu mbili.

Na kila mwanachama atakayehudhuria namwomba aje na desturi moja ya chama chetu ambayo anadhani sababu yake imekufa. Tutazisoma moja moja. Nyengine tutaziona bado zi hai, tutaziacha mahala pake. Mimi nimeanza na yangu, na juu ya jalada la daftari langu la kupokelea nimeandika kwa wino mwekundu maneno yale mawili ya Luchins. Mtu akija Alkhamisi atayaona.

Wasalaam,
Katibu wenu